Kocha Mgeni, Mkono wa Birika

Hakuna mkazi wa Kwa Vonza anayemiliki hata hisa moja ya Arsenal. Katika hilo hajapitwa na shabiki wa London, kwa sababu tangu mwaka 2018 klabu hiyo yote ni mali ya Mmarekani Stan Kroenke. Alipomlipa Alisher Usmanov pauni milioni 550 kwa hisa zake zipatazo asilimia 30, Kroenke alivuka kiwango ambacho sheria ya Uingereza humruhusu mwenye hisa nyingi kuwalazimisha wengine wamuuzie zao. Wazee waliokuwa wamehifadhi cheti cha hisa moja nyumbani, baadhi wakiwa wamekirithi, walilipwa na kuonyeshwa mlango.

Lakini ukipita Kwa Vonza siku Arsenal imefungwa, hutaamini kwamba watu hawa si wenye klabu. Soko hili lililo kando ya barabara itokayo Machakos kwenda Kitui limechangamka tangu Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, SEKU, kilipopewa hati yake mwaka 2013, na jioni za wikendi wanafunzi na wanabodaboda hukaa benchi moja mbele ya televisheni. Mechi ikiisha vibaya, mjadala huanza na kipa, huhamia kwa straika, na kabla muuza chapati hajazima jiko umeshafika kwa kocha. Hajui kupanga kikosi. Alichelewa kubadilisha wachezaji. Arudi kwao. Kisha mmoja wao, mara nyingi yule aliyekuwa kimya, hutaja mwenye timu na mkono wake wa birika, na hapo ubishi hupoa kwa sababu wote wameafiki.

Malalamiko haya mawili, kocha mpya asiyeeleweka na tajiri asiyetaka kutoa, husikika pamoja popote mpira unapotazamwa. Huchanganywa mno hadi huonekana ni lalamiko moja. Ukweli ni kwamba kuna tajiri asiyetoa, kuna tajiri anayechota, na kuna klabu isiyo na tajiri wala akiba. Katika hali zote tatu kocha mgeni ndiye anayezomewa, na katika hali zote tatu sehemu yake ya kosa ni tofauti.

Tuanze na asiyetoa. Arsenal ilihamia uwanja mpya wa Emirates mwaka 2006, ujenzi uliogharimu pauni milioni 390, na kwa miaka mingi deni hilo lilikuwa sababu ya kila mchezaji aliyeuzwa. Mwaka 2011 waliondoka Cesc Fabregas na Samir Nasri. Tarehe 28 Agosti mwaka huohuo timu ikacharazwa 8-2 Old Trafford. Mwaka uliofuata nahodha Robin van Persie aliuzwa kwa Manchester United kwa pauni milioni 24, na mabao yake yakaipa United ubingwa wa 2013. Shabiki wa Arsenal aliyeishi miaka hiyo katika nyumba yenye shabiki wa United hahitaji kuelezwa zaidi.

Kufikia 2015 sababu ya uwanja ilikuwa imechakaa. Kroenke, aliyeanza kununua hisa mwaka 2007 na kushika usukani mwaka 2011, alishikilia kwamba klabu ijitegemee, yaani itumie kile inachochuma na isitarajie senti kutoka mfukoni mwake. Majira hayo ya joto Arsenal ilimsajili mchezaji mmoja tu wa kikosi cha kwanza, kipa Petr Čech, halafu ikamaliza ya pili nyuma ya Leicester City, timu ambayo hakuna aliyeitegemea. Kilichowachoma mashabiki zaidi ni kwamba mwaka 2014 na tena mwaka 2015, klabu iliilipa kampuni ya Kroenke pauni milioni 3 kwa kile kilichoitwa huduma za ushauri. Tajiri hakuwa akitoa, na juu ya hayo alikuwa akilipwa kwa kushauri.

Hasira yote hiyo ilimwangukia Arsène Wenger, aliyeondoka Mei 2018 baada ya miaka 22. Akaja Unai Emery, Mhispania aliyekuwa ametwaa Europa League mara tatu mfululizo akiwa na Sevilla. Alianza kwa vipigo viwili, kisha timu ikacheza mechi 22 bila kushindwa. Ilipofika Januari 2019 na majeruhi wakawa wengi, Emery mwenyewe aliwaambia wanahabari kwamba hawezi kununua mtu, ila kuazima tu. Akaazima Denis Suárez wa Barcelona, ambaye hakuanza hata mechi moja ya ligi. Mwishoni mwa msimu Arsenal ilikosa nafasi ya nne kwa pointi moja, na tarehe 29 Mei ikafungwa 4-1 na Chelsea katika fainali ya Europa League mjini Baku.

Pointi moja. Mtu anaweza kumlaumu kocha kwa pointi hiyo, na Emery alikuwa na makosa yake. Suala la unahodha alilivuta hadi likageuka aibu, pale Granit Xhaka alipotoka uwanjani akiwajibu vibaya mashabiki waliomzomea mnamo Oktoba 2019. Kiingereza chake kilifanywa kichekesho kutoka London hadi Nairobi, na hata wasomi wa Kwa Vonza walijua kuiga salamu yake ya jioni. Alifutwa tarehe 29 Novemba 2019.

Ila ukitaka kupima kama kocha alikuwa mjinga, mfuate aendako. Mei 2021 Emery aliipeleka Villarreal, timu ya mji mdogo wa Uhispania, hadi fainali ya Europa League. Timu aliyoitoa katika nusu fainali ni Arsenal yenyewe. Timu aliyoishinda katika fainali, kwa penalti 11-10, ni Manchester United. Baadaye aliikuta Aston Villa karibu na mkia wa jedwali, na mwaka 2024 akaiingiza Ligi ya Mabingwa. Miguu iliyodaiwa haiwezi kutembea ilitembea vizuri ilipopewa njia.

Mrithi wake wa kudumu, Mikel Arteta, alifika Desemba 2019 akiwa hajawahi kuwa kocha mkuu popote. Alishinda Kombe la FA tarehe 1 Agosti 2020, na siku chache baadaye klabu ikatangaza kwamba nafasi 55 za kazi zitaondolewa kwa sababu ya hasara za korona. Miongoni mwa walioguswa alikuwemo mtu aliyekuwa akivaa vazi la Gunnersaurus, yule dinosaria wa kijani anayewapungia watoto mkono. Mesut Özil, ambaye Arteta hakumtaka kikosini, alijitolea kumlipa mshahara. Ni vigumu kupata picha nyingine inayoeleza vizuri zaidi jinsi klabu tajiri inavyoweza kujivika aibu kwa pesa ndogo.

Timu ilimaliza ya nane mara mbili mfululizo. Krismasi ya 2020 iliikuta nafasi ya 15. Agosti 2021 ilipoteza mechi tatu za kwanza bila kufunga bao, ikashika mkia wa ligi, na wito wa kumtaka Arteta aondoke ukasikika hata katika matatu za Kitui.

Lakini miezi minne kabla ya hapo jambo lilikuwa limetokea. Aprili 2021 Kroenke na wenzake kumi na mmoja wa Ulaya walijaribu kuanzisha ligi yao ya matajiri, Super League. Jaribio lilikufa ndani ya saa 48. Tarehe 23 Aprili, kabla ya mechi na Everton, maelfu ya mashabiki walijaza barabara nje ya Emirates, na safari hii jina lililokuwa midomoni mwao lilikuwa la mwenye klabu, kocha hakutajwa. Mwanzilishi wa Spotify, Daniel Ek, alijitokeza kutaka kununua, Kroenke akakataa. Kilichofuata ni kwamba majira hayo ya joto Arsenal ilitumia takriban pauni milioni 150, zaidi ya klabu yoyote ya Uingereza: Ben White, Martin Ødegaard, Aaron Ramsdale, Takehiro Tomiyasu na wengine. Mwaka 2023 ilimlipia Declan Rice pauni milioni 105. Ikamaliza ya pili mwaka 2023, 2024 na 2025, chini ya kocha yuleyule aliyedaiwa hafai.

Haiwezekani kuthibitisha kwamba kelele za barabarani ndizo zilizofungua mfuko. Mtoto wa Kroenke, Josh, alikuwa ameanza kushika hatamu za klabu, na familia hiyo ilikuwa na sababu zake za kibiashara za kutaka Arsenal irudi Ligi ya Mabingwa. Ila mfuatano wa matukio hauna utata: walipomzomea Wenger walipata Emery, walipomzomea Emery walipata Arteta, na walipomzomea mwenye mali walipata wachezaji.

Manchester United ni kisa kingine kabisa, na hapa mashabiki wa Kwa Vonza wanaosema kwamba familia ya Glazer ni bahili wanakosea. United imetumia pesa nyingi mno. Paul Pogba alinunuliwa pauni milioni 89 mwaka 2016, Antony zaidi ya pauni milioni 80 mwaka 2022. Tatizo la Glazer ni la kuchota. Mwaka 2005 waliinunua klabu kwa pauni milioni 790, sehemu kubwa ikiwa mkopo, kisha mzigo wa mkopo huo wakaubebesha klabu yenyewe, ambayo kabla ya hapo haikuwa na deni. Tangu siku hiyo riba, ada na gawio vimeipunguzia klabu zaidi ya pauni bilioni moja. Kwa lugha ya sokoni, mtu amenunua ng'ombe kwa mkopo na kumwachia ng'ombe alipe.

Kwa miaka minane Alex Ferguson alilificha tatizo hilo kwa vikombe. Alipostaafu Mei 2013, Mskoti mwenzake David Moyes akapewa mkataba wa miaka sita. Siku zilezile mtendaji mkuu David Gill naye aliondoka, nafasi yake ikachukuliwa na Ed Woodward, mtu wa benki aliyesaidia kupanga ununuzi wa 2005. Dirisha lake la kwanza la usajili lilikuwa kioja. United ilimtaka Marouane Fellaini wa Everton, ambaye mkataba wake ulikuwa na kipengele cha kumwachilia kwa pauni milioni 23.5 hadi mwisho wa Julai. Tarehe ikapita. Siku ya mwisho ya Agosti ilipokwisha na saa za dirisha kukaribia ukingoni, wakamlipia milioni 27.5. Hakuna mwingine mkubwa aliyekuja.

Moyes ndiye aliyelipa. Machi 2014 ndege ndogo ilipita juu ya Old Trafford ikiburuta bango la kumtaka aondoke, na tarehe 22 Aprili akafutwa, miezi kumi tangu aanze. Timu ilimaliza ya saba. Woodward alibaki ofisini hadi mwaka 2022.

Kenya iliulipia msimu huo kwa namna isiyofaa kufanyiwa mzaha. Desemba 2013, baada ya United kufungwa nyumbani na Newcastle, kijana mmoja wa Nairobi alijitoa uhai, na polisi wakahusisha kifo hicho na matokeo ya mechi. Mei 2009 shabiki wa Arsenal alikuwa amefanya vivyo hivyo usiku timu yake ilipotolewa na United katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Bila shaka watu hao walikuwa na mizigo mingine ambayo magazeti hayakuiona. Hata hivyo, visa hivyo vinatosha kumnyamazisha anayesema kwamba mapenzi ya timu ya ng'ambo ni mchezo tu wa vijana wasio na kazi.

Mwanahisa mpya wa United, Jim Ratcliffe, alinunua zaidi ya robo ya klabu Februari 2024 na kuleta ubana matumizi wa waziwazi. Wafanyakazi wapatao 250 waliondolewa mwaka huo, na Februari 2025 klabu ikatangaza kwamba wengine hadi 200 watafuata. Mkataba wa ubalozi wa Ferguson mwenyewe, uliokuwa na thamani ya zaidi ya pauni milioni 2 kwa mwaka, ulikatizwa. Tiketi zikapandishwa hadi pauni 66 katikati ya msimu, bila nafuu kwa watoto wala wazee. Wakati huohuo klabu ilimwongezea Erik ten Hag mkataba Julai 2024 na kumfuta Oktoba hiyohiyo, kosa lililogharimu zaidi ya pauni milioni 10. Ukiwanyima wapishi na makarani mkate ili ulipie uamuzi wako mbaya wa miezi minne, huo si ubana matumizi.

Akaja Mreno Ruben Amorim, kocha mgeni wa kweli, na mfumo wake wa mabeki watatu ambao hakuwa na wachezaji wa kuucheza wala nia ya kuulegeza. Januari 2025, baada ya kufungwa 3-1 nyumbani na Brighton, alisema kwamba huenda hiyo ndiyo timu mbaya zaidi katika historia ya United. Ilimaliza ya 15, ikapoteza fainali ya Europa League kwa Tottenham, na Agosti 2025 ikatolewa na Grimsby Town ya daraja la nne kwa penalti 12-11. Hapa kocha hawezi kujificha nyuma ya Glazer. Deni halikumzuia kupanga mabeki wanne. Shabiki aliyemlaumu Amorim alikuwa na haki ambayo aliyemlaumu Emery hakuwa nayo.

Sasa turudi nyumbani, mahali ambapo mjadala huu huwa mfupi kwa sababu inayouma: hakuna tajiri wa kulaumiwa.

Gor Mahia na AFC Leopards ni mali ya wanachama. Kufikia msimu wa 2023/24 Gor ilikuwa imetwaa ubingwa wa Kenya mara 21. Leopards, yaani Ingwe, walikuwa hawajauonja tangu 1998. Zote mbili zimewahi kumaliza miezi bila kulipa mishahara. Ufadhili mkubwa ulitoka SportPesa, na historia ya fedha hizo inamhusu kijana wa Kwa Vonza kuliko anavyofikiri, maana zilitoka mfukoni mwake kwanza. Mei 2017 kampuni hiyo ya kamari iliyokulia Kenya ilisaini na Everton mkataba wa jezi uliotajwa kuwa mkubwa kuliko wowote katika historia ya klabu hiyo. Julai mwaka huohuo Everton ilikuja Dar es Salaam na Wayne Rooney kucheza na Gor, ikashinda 2-1. Watu walifurahi, na ilistahili. Januari 2018 serikali ilipopandisha kodi ya kamari hadi asilimia 35, SportPesa ilikatiza ufadhili wake wote wa michezo nchini Kenya, huku jina lake likiendelea kung'aa kifuani mwa Everton. Ilirejea kwa muda, kisha mwaka 2019 mvutano wa leseni na serikali ukaifungia milango, na klabu zikabaki mikono mitupu.

Yaani shilingi iliyowekwa kwenye simu jioni ya Jumamosi huko Ukambani ilipanda ndege hadi Liverpool, na Gor, yaani K'Ogalo, wakaanza kuchangisha nauli kwa M-Pesa.

Msimu wa 2020/21 unaonyesha kilichofuata. Gor ilimwajiri Mbrazili Roberto Oliveira, kisha ikabainika kwamba vyeti vyake havikumruhusu kukaa kwenye benchi katika mashindano ya CAF. Mashabiki walimcheka kocha, ilhali waliopaswa kuvisoma vyeti hivyo ni waliompa kazi. Desemba 2020, baada ya safari iliyovurugwa na ukata, timu ilifungwa 6-0 na CR Belouizdad mjini Algiers. Akaja Mreno Vaz Pinto, akashinda kombe la FKF mwaka 2021, naye akaondoka. Tangu 2016 benchi hilo limekaliwa na José Marcelo Ferreira, Dylan Kerr, Hassan Oktay, Steven Polack, Mark Harrison, Andreas Spier, Jonathan McKinstry na wengine. McKinstry alitwaa ubingwa mara mbili katikati ya dhiki, jambo linaloonyesha kwamba kocha hodari anaweza kusukuma gari lisilo na mafuta kwa umbali fulani. Mwaka 2024 alikwenda kuifundisha timu ya taifa ya Gambia.

Kwa Leopards hesabu ilikuja kwa barua ya FIFA. Mnyarwanda André Casa Mbungo aliondoka mwishoni mwa 2019 akidai mshahara, na yeye pamoja na wachezaji kadhaa wa kigeni walishinda kesi zao. Klabu iliposhindwa kulipa, ikapigwa marufuku ya kusajili. Katika kipindi hicho cha madeni ndipo alipoingia Mbelgiji Patrick Aussems, mwaka 2021. Huyu ndiye aliyeifikisha Simba ya Dar es Salaam robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2019, akiwa na wachezaji walionunuliwa kwa pesa za Mohammed Dewji. Nairobi alipewa vijana na akaambiwa avumilie. Mtu ni yuleyule, daftari lake la mazoezi ni lilelile. Wanaotaka ushahidi wa uzito wa kocha dhidi ya uzito wa hazina hawatapata mfano ulio safi kuliko huu katika Afrika Mashariki.

Timu ya taifa nayo imelipia tabia hii ya kufukuza haraka. Adel Amrouche alifutwa Agosti 2014 baada ya Harambee Stars kutolewa na Lesotho, akashtaki, na shirikisho likaamriwa kumlipa zaidi ya shilingi milioni 100. Bobby Williamson aliyemrithi alifutwa pia, naye akashinda mahakamani shilingi milioni 55. Pesa hizo zingejenga viwanja vingapi vya shule Makueni na Kitui, msomaji apige hesabu mwenyewe.

Ipo njia ya nne, ya klabu yenye mtu mmoja anayetoa. Sofapaka, ambayo imewahi kuufanya Uwanja wa Kenyatta wa Machakos kuwa nyumbani kwake, ni kazi ya mfanyabiashara Mkongo Elly Kalekwa. Ilitwaa ubingwa mwaka 2009, msimu wake wa kwanza kabisa katika ligi kuu. Batoto ba Mungu hawajaurudia, na makocha wamepishana pale kama abiria wa stendi. Mfuko wa mtu mmoja huisha, na subira yake huisha kwanza. Tofauti na hapo, ubingwa wa 2024/25 ulikwenda kwa Kenya Police, mara yao ya kwanza. Ni klabu yenye taasisi nyuma yake, isiyotegemea mchango wa harusi wala huruma ya mtu.

Watanzania wamejaribu kufunga ndoa ya mambo haya mawili. Mwaka 2017 wanachama wa Simba walikubali klabu iwe na mwekezaji wa asilimia 49, wao wakibaki na 51, na Dewji akaahidi shilingi bilioni 20 za Tanzania. Mvutano haujaisha tangu siku hiyo, na pesa hazijawalinda makocha: Aussems alifutwa Novemba 2019, miezi michache baada ya kutwaa ubingwa. Yanga, yenye nguvu ya kampuni ya GSM, ilimtimua Miguel Gamondi Novemba 2024 baada ya vipigo viwili tu vya ligi, kutoka kwa Azam na Tabora United, ingawa msimu uliotangulia alikuwa ameipa ubingwa. Wenye pesa wakiwa na haraka, kocha hapati muda zaidi ya yule wa klabu maskini. Hata hivyo Yanga iliendelea kushinda, ikatwaa ubingwa wa nne mfululizo mwaka 2025 chini ya Miloud Hamdi, kocha wake wa tatu msimu huo. Ukiwa na kikosi kipana, unaweza kumudu kosa la kubadilisha kocha. Gor na Leopards hawawezi.

Tofauti kubwa basi iko kwa shabiki na kile anachoweza kufanya. Yule wa London ana tiketi anayoweza kukataa kuinunua na barabara anayoweza kuijaza. Yule wa Ujerumani ana kanuni inayowaachia wanachama kura nyingi katika karibu klabu zote. Shabiki wa Arsenal wa Kwa Vonza hana lolote kati ya hayo. Pesa zake hupita kwa mwenye king'amuzi, kwa muuza jezi za mitumba na kwa kampuni ya kamari, na hakuna hata mmoja wa hao anayemfikishia Kroenke ujumbe. Hasira yake ni ya kweli lakini haina mlango wa kubisha, ndiyo maana humwangukia kocha, ambaye angalau sura yake huonekana kwenye skrini kila wiki.

Shabiki huyohuyo, akigeuza kiti, ana mlango ulio wazi. Gor na Leopards huchagua viongozi wao kwa kura za wanachama waliojisajili, na wanaojisajili ni wachache mno wakilinganishwa na umati unaojitangaza kuwa wa K'Ogalo au wa Ingwe. Mwanachama anaweza kudai hesabu zilizokaguliwa, anaweza kuuliza nani alisoma vyeti vya kocha kabla ya mkataba kutiwa saini, na kiongozi analazimika kumjibu kwa sababu kura yake ni moja kati ya chache.

Tarehe 20 Oktoba 2025 Uwanja wa Ithookwe mjini Kitui, uliokarabatiwa kwa ajili ya sherehe za kitaifa za Mashujaa, ulijaa watu. Lakini wala Kitui wala Makueni haikuwa na timu katika ligi kuu ya msimu wa 2025/26. Magavana wa kaunti hizo mbili, SEKU na wafanyabiashara wa eneo hili waulizwe kwa nini, kwa sauti ileile inayotumika kumdai Kroenke straika, na wanafunzi wanaolijua jedwali la EPL kwa kichwa wawe wa kwanza kujiandikisha siku klabu kama hiyo itakapofungua daftari la wanachama.